Jibu kutoka Chini ya Mbao

Siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, sipendi kuongea na mtu. Mtu akinisalimia mara ya pili naona ana lake jambo. Zege likianza kumwagwa asubuhi halisimami mpaka limalizike, maana ukilikatiza njiani likakauka, la kesho halishikani nalo hata ulibembeleze, na mvua ya kwanza itapita hapo hapo kwenye kovu. Kwa hiyo watu wote huwa na haraka, na mimi mtu mwenye haraka namwogopa kuliko mwenye hasira. Mwenyewe nina vyote viwili, ndiyo maana nanyamaza.

Siku ninayoisimulia nilikuwa na sababu zaidi ya kunyamaza. Ilikuwa slabu yangu ya kwanza kusimamia. Mkandarasi wetu tulimwita Chapchap, kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila neno hilo, na alikuwa amenipa usimamizi wa majaribio. Slabu ikitoka salama, jengo la pili ningelisimamia mimi. Isipotoka, nirudi kupiga misumari na nishukuru kwamba nimerudi. Na chini ya slabu hiyo, katikati ya mirunda, alikuwa baba yangu mzazi.

Asiyejua ujenzi nimweleze kidogo. Zege bichi halijui kusimama. Kwanza mafundi wa mbao hulitandikia kitanda cha mbao, na kitanda hicho hushikiliwa kwa chini na miti iliyosimama wima, ndiyo mirunda, mingi kiasi kwamba ukiingia humo unatembea kwa ubavu. Kila mrunda unakalia kipande cha ubao, na kati ya viwili hivyo hupigiliwa kabari ili ukaze. Zege likimwagwa juu, uzito wote unashukia kwenye miti hiyo. Mmoja ukilegea, jirani yake anabeba mzigo usio wake, na huyo naye akichoka, basi.

Ndiyo maana siku ya kumwaga kuna mtu hukaa chini. Anapita kwenye mirunda, anaigonga kwa nyundo mmoja mmoja na kusikiliza. Mrunda uliokaza una sauti kavu, nyembamba. Uliolegea unatoa sauti ya tumbo tupu. Baba alinifundisha tofauti hiyo kabla sijajua kupima kwa futi.

Watu wa kazi walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ambayo waashi huishusha kupima kama ukuta umesimama wima. Walimpa jina hilo kwa kuwa mbao zake hazikuwahi kupinda, na pia kwa kuwa mwenyewe alikuwa hapindishiki. Nilipomaliza shule nikawa nimekaa nyumbani, shangazi zangu walikuja na ushauri wao: nitafutiwe cherehani, nitafutiwe saluni, nitafutiwe mume. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza, akarudi na kopo la misumari iliyokunjika. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilianza kwa kukunjua. Niliinyoosha yote juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikajigonga vidole mpaka nikalia, na alipoiona hakunisifu. Alisema tu kwamba kesho nivae viatu vya kufunika vidole.

Kwa hiyo nikivaa kofia ngumu leo na watu wakaniuliza nani alinisomesha kazi hii, nawajibu kwamba nilisomeshwa na kopo la misumari.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliisema kila mara tulipopigilia pamoja. Mwenye mbao hukaa chini ya mbao zake. Fundi aliyetengeneza kitanda ndiye anayeingia chini yake siku ya zege, si kibarua, si mgeni. Niliwahi kumuuliza kwa nini, nikiwa bado mjinga wa kuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mtu akijua kichwa chake ndicho kitakachokuwa chini, hapigilii msumari kwa uvivu.

Chapchap hakutaka mzee huyu kwenye jengo lake. Alisema mzee amechoka, aachwe apumzike, kuna vijana wenye nguvu. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania. Nilisimama kwenye kile kibanda chake cha mabati na kumwambia kwamba bila Timazi chini, mimi juu sipandi. Nilimdhamini baba kwa jina langu, na jina langu lilikuwa bado bichi kuliko zege lenyewe. Chapchap alinitazama, akasema haya, lakini likitokea la kutokea atatujua wote wawili.

Sasa kuhusu nyumbani. Nyumbani kwetu mama alikuwa akilalamika muda mrefu kwamba mume wake hamsikii. Alimwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaenda kumgusa bega. Mimi nilicheka. Nani anaweza kutofautisha mume kiziwi na mume asiyetaka kutumwa? Redio ilipigwa kwa sauti ya juu mpaka majirani wakajua habari bila kununua redio yao. Baba alikuwa akikaa kwenye kiti kile kile, uso kwa mlango, akitazama midomo ya kila anayeingia. Niliona ni uzee unamfanya awe mpole. Umdhaniaye ndiye siye.

Basi, siku yenyewe. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa ikinguruma pembeni mwa jengo, watu wamepanga mstari kwenye ngazi ya mbao, makarai yanapanda yakiwa yamejaa na kushuka matupu. Mimi nilikuwa juu, buti zangu ndani ya zege, nimesimama karibu na nguzo ya katikati. Nondo za nguzo hiyo zilikuwa zimeachwa zimechomoza juu, na chini zilikuwa hazijafunikwa zote, kwa hiyo ukizigonga juu zinasikika chini. Hiyo ndiyo simu yetu, mimi na baba, tangu zamani. Anayesimama juu anagonga mara moja: uko salama? Aliye chini anajibu mara mbili: salama, mwaga. Asipojibu, kazi inasimama. Kelele ya mashine na watu ilikuwa haimpi mtu nafasi ya kuita, lakini chuma husikika kupitia kelele zote kwa aliyezoea.

Niligonga. Akajibu. Tulimwaga upande wa mlango, tukasogea mpaka kona ya nyuma. Niligonga, akajibu. Moyo wangu ulianza kutulia. Niliona tayari jengo la pili, nikajiona nikipita na karatasi zangu za ramani kwapani, nikiwatukana watu kwa adabu.

Hapo Chapchap akapanda ngazi. Alisema zege ni zito mno, linachelewesha watu, liongezwe maji liteleze chapchap. Nilimwambia likiongezwa maji litakuwa uji, na uji haujengi. Alisema yeye ndiye anayelipa saruji. Nilimwambia ndiyo, na ndiye atakayelipa nyufa. Tulibishana hivyo, yeye akinyoosha kidole na mimi nikiwa nimeshika kiuno, na mstari wa makarai ukasimama kutusikiliza kwa sababu hakuna kibarua anayekosa ugomvi wa wakubwa.

Katikati ya maneno yetu, nondo zikalia. Ko, ko.

Nilikatiza sentensi yangu. Sikuwa nimegonga. Nyundo yangu ilikuwa kiunoni, zege halikuwa likimwagwa, hakuna aliyemuuliza kitu. Baba alikuwa amejibu swali ambalo sijauliza.

Nilijaribu kujipa sababu. Labda kagonga kitu kingine. Labda mtu kaangusha chuma. Nikachomoa nyundo, nikagonga nondo kwa nguvu, mara moja, nikainama na sikio langu karibu na chuma. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Chapchap aliniuliza kuna nini na sikumjibu. Nikagonga kwa fujo, mfululizo, ile alama ambayo hatukuwahi kuitumia, alama ya toka, kimbia. Chini palikuwa kimya. Kisha, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepita zamu yake, ikaja: ko, ko.

Hapo nilielewa yote kwa mara moja. Redio. Kiti kinachotazama mlango. Mama akimgusa bega. Baba hakuwa akinisikia. Hakuwa akiisikia mirunda pia. Alikuwa akihesabu kichwani kadiri ya muda ninaochukua kati ya swali na swali, akijibu kwa kukisia, na siku zote nilikuwa mtu wa mwendo mmoja kwa hiyo siku zote alipatia. Ugomvi wa Chapchap ndio uliovuruga mwendo wangu.

Nilijua vizuri kilichokuwa mkononi mwangu. Nikisimamisha zege, slabu itakatika katikati na usimamizi wangu utakwenda nayo. Watu wote wataniuliza kwa nini, na jibu ni kwamba Timazi, baba yangu, niliyemdhamini, ni kiziwi na amekuwa akitudanganya. Nikiendelea, huenda isitokee chochote. Mbao zake zilikuwa nzuri. Nilizikagua mwenyewe. Lakini chini kulikuwa na mtu ambaye mrunda ungeweza kulia nyuma ya mgongo wake asigeuke.

Nilisema kazi isimame. Chapchap alicheka, akadhani ni ule ugomvi wa maji unaendelea. Nikamwambia mwendesha mashine azime, na alipoona uso wangu akazima bila kumtazama mkandarasi. Nikawaambia watu waliokuwa juu washuke polepole, mmoja mmoja, asiruke mtu. Ngurumo ilipokufa tukasikia wote. Kutoka kona ya nyuma ilitoka sauti ya mti unaolia, ndefu, ikanyamaza, ikaanza tena.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka nilipita kwenye mashine na kuona walipokuwa wakisuuzia makarai. Maji yale machafu yalikuwa yamejichimbia kijia, yakapita chini ya ukuta na kuingia ndani, kwenye ile kona. Hakuna aliyeyatuma. Yalitafuta tu pa kwenda.

Chini ya mbao mlikuwa na kiza na joto la unyevu, matone ya maji ya saruji yakidondoka kwenye kofia yangu. Nilipita kwa ubavu, nikishika mrunda huu na ule, na kila niliposhika niliusikia ukitetema kiganjani. Baba alikuwa upande wa mbali, amenipa mgongo. Alikuwa akigonga mrunda kwa nyundo na kuushika kwa mkono wa pili, taratibu, kwa makini, kama fundi anayefanya kazi yake inavyotakiwa. Kona ililia nyuma yake tena. Mimi nilishtuka mpaka nikajigonga kichwa. Yeye hakupepesa.

Nilimwita. Nilijua hasikii na bado nilimwita, mtoto haachi kumwita baba yake. Nikamfikia, nikamshika mkono wa shati. Aliruka, akageuka na nyundo juu, akaniona, na hasira ikamjaa usoni. Aliniuliza nani yuko juu kama mimi niko huku. Nikamwonyesha kona. Akatazama, akaona maji, akaona mrunda wa mwisho umezama na kuinama, ubao wake wa chini umemezwa na tope, na wa jirani yake umeanza kupinda kwa kubeba mizigo miwili.

Mtu mwingine angekimbia. Baba alichomoa kabari kiunoni na kuanza kuelekea kule.

Nilimdaka mkanda wa suruali. Nilianza kusema maneno mengi, haraka, yamechanganyika, kwamba watu wameshuka, kwamba hapaokoleki, kwamba aache ujinga. Alinitazama na nikaona macho yake yanahangaika kwenye midomo yangu, yanatafuta, hayapati. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Sema polepole, mwanangu. Nitazame usoni."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote maneno hayo. Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja. Nikamshika mashavu kwa mikono yangu yenye zege, nikasema neno moja moja.

"Toka, baba. Mbao hizi leo ni zangu."

"Mwenye mbao hukaa chini," akasema.

"Basi nitakaa mimi."

Alinitazama. Nadhani alikuwa akipima kama ningebaki kweli, na alinijua vya kutosha kujua kwamba ningebaki, maana ukaidi huo sikuuokota njiani. Akarudisha kabari kiunoni. Tulitoka kwa ubavu, yeye mbele, mimi nimeshika mkanda wake mpaka tukafika kwenye jua.

Kona ilianguka tukiwa tumesimama karibu na mashine. Haikuwa na kishindo cha kutisha. Mirunda ilivunjika kwa mfuatano, mbao zikafunguka, na zege la kona hiyo likashuka lote kwa sauti nzito ya kitu kilicholowa. Vumbi halikuwepo hata kidogo. Sehemu nyingine ilishikilia, kwa sababu tuliacha kuipakia. Kibarua mmoja akavua kofia, akaivaa tena.

Mtu angetarajia Chapchap anishukuru. Alihesabu kwanza watu wake, hilo nampa haki yake, na alipoona wote wapo akageukia la pili. Aliniuliza nilijuaje. Niligeuza macho kwa baba. Akamuuliza baba kwa nini hakugonga kutoa habari wakati mti ulikuwa ukilia mpaka juu unasikika. Baba alikuwa akitazama kona, hakugeuka. Chapchap akarudia swali, kwa sauti zaidi, na kimya cha baba kikawa kirefu, na watu wakaanza kutazamana. Niliona jina la Timazi linavyowatoka machoni, mmoja baada ya mwingine. Nilimgusa baba bega, kama mama. Akageuka, akatusoma nyuso zetu, akajua.

"Sisikii," akawaambia. "Muda mrefu sasa. Huyu hakujua, nilimficha."

Chapchap hakuamini hata neno la mwisho. Alisema mtoto gani asiyejua masikio ya baba yake. Swali hilo ninalo mpaka leo. Tuliondoka kwenye lango pamoja, kila mmoja na mfuko wake wa vifaa, na hakuna aliyetusindikiza.

Nyumbani mama alitutazama tulivyo, akaweka maji ya kuoga. Nilimuuliza kama alijua. Akasema alijua. Baba alimwapisha asiseme, kwa sababu fundi wa mbao asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja, nani atampa kazi? Nilimkasirikia mama kuliko baba. Nilimwambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa kiwe chetu, leo, hapa sebuleni. Alipokea maneno yangu yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kwamba kila siku ya zege alikuwa hali kitu mpaka mume wake aingie mlangoni.

Baba mwenyewe hakuzungumza nami kwa siku nyingi. Alikaa kwenye kiti chake, redio imezimwa, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kudanganywa. Siku moja tu alinisemesha, nikiwa napita na ndoo. Alisema ningeweza kushuka kimya kimya nikamvuta, bila kusimamisha watu wote. Niliweka ndoo chini, nikakaa mbele ya uso wake ili asikose hata herufi.

"Ulijibu kabla sijauliza, baba."

Aliangalia mikono yake. Hakujibu, na safari hiyo hakukisia.

Kazi ilikauka. Habari za kiziwi na binti yake zilienea kwenye kila jengo, na kila nilipofika niliambiwa nafasi zimejaa, huku nikiona kwa macho watu watatu wanafanya kazi ya wawili. Nilirudi kwenye vibanda, milango, meza za watu. Nilinyoosha misumari tena kwa sababu mipya sikuwa na uwezo nayo. Usiku sikulala vizuri, nikisikia ule mti.

Kisha akaja mama mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka. Alitaka ghorofa dogo juu ya mashine yake, chumba kimoja cha kuwekea magunia. Nilimwonya kwamba mimi ndiye yule. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja. Anataka mtu ambaye akisikia kitu anasimamisha. Nilikubali kabla hajabadili mawazo. Jioni niliwaambia nyumbani, nikisema polepole, nikitazama usoni. Baba alinyanyuka, akatoka nje. Nikafikiri amechukia.

Asubuhi iliyofuata nilipoamka nilisikia chuma kikigongwa. Nyuma ya nyumba, nondo moja ndefu ilikuwa imelazwa juu ya matofali, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mama alikuwa upande mmoja, kanga imefungwa kiunoni, nyundo mkononi, anagonga anapojisikia. Baba alikuwa upande wa pili, amefumba macho, kiganja chake kimeikumbatia nondo. Mama akigonga, baba ananyanyua kidole. Mama akimhadaa, akipiga ardhi badala ya chuma, kidole hakinyanyuki. Mama alikuwa akifurahia hadaa zile kupita kiasi, na walikuwa wamefanya hivyo tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka nikashindwa kuona vizuri.

Mbao za ghorofa lile nilizipigilia mwenyewe, kila msumari. Baba alichonga kabari uani bila kuombwa, akaziacha kwenye gunia mlangoni. Chini ya kila mrunda niliweka ubao mpana, na kuzunguka jengo zima nilichimba mfereji wa maji, wapita njia wakanicheka kwamba najenga ngome. Wabeba makarai waliokuja, baadhi walikuwa wale wale wa zamani. Siku ya zege walikuwa wakijiuliza nani atasimama juu kwenye nondo, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari nimejifunga mkanda wa kuingia chini. Mbao zilikuwa zangu, na sheria ni sheria.

Baba alipita katikati yao, akapanda ngazi, pumzi zikimpanda. Akakaa kwenye tofali karibu na nguzo, akaishika nondo kwa kiganja kizima, nyundo mkono wa pili. Mmoja akaguna. Baba hakusikia, au labda aliona midomo, na akawaambia wote waliokuwepo, bila haya:

"Mimi sisikii. Mkiona nimeinua mkono, hata kama karai liko kichwani, simameni."

Niliingia chini. Mlikuwa na kiza kile kile na matone yale yale, na mwili wangu ulikuwa ukikataa kila hatua, nisijisifu. Zege la kwanza lilishuka juu yangu na mirunda ikachukua uzito. Niligonga mmoja mmoja. Sauti kavu, nyembamba. Juu nondo ikalia mara moja. Nikajibu mara mbili. Wakamwaga. Ikalia tena, nikajibu, wakamwaga.

Tulipofika katikati, ikalia, na mimi sikujibu. Nilifanya makusudi. Nilisimama na nyundo mkononi, nikihesabu pumzi. Nilitaka kujua. Nilikuwa na haki ya kujua.

Juu yangu kila kitu kilisimama. Miguu ikanyamaza, makarai yakanyamaza, mashine ikazimwa. Nikasikia tofali likisukumwa, na sauti ya baba ikiniita jina langu la utotoni, kubwa, bila kipimo, kama wanavyoita watu wasiojisikia wenyewe. Kisha nikaona buti zake kwenye ngazi, zinashuka.

Niligonga nondo haraka mara mbili, nikakumbuka kwamba hakuwa ameishika tena, nikatoka mbio mpaka mlangoni ili anione uso. Alikuwa tayari amefika chini, kabari mkononi.

"Salama, baba," nikasema, polepole. "Mwaga."

Alinitazama kwa muda mrefu, akajua nilichofanya, akanipiga kofi jepesi kwenye kofia. Kisha akageuka akapanda ngazi tena, na alipokuwa amekaa na nondo iko mkononi, akagonga mara moja, akaniuliza upya.